Mgeni wa Bima

"Usiguse kitu, mama," mwanawe alimwambia kwenye simu, akarudia polepole kama anayemfundisha mtoto sala. "Usifagie, usikaushe, usitupe hata uzi. Mtu wa bima anakuja Alhamisi. Avikute vitu kama vilivyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Nimesema nini?"

"Umesema nisiguse."

Mama Pindo alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, gauni amelifunga juu ya magoti, maji yanamfika vifundoni. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa fundi wa mapazia na mashuka, na pindo alilolikunja yeye halikufumuka mpaka kitambaa chenyewe kichakae. Alikuwa ametoka kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Alipozungusha ufunguo, mlango ulikataa kusukumika, kana kwamba kuna mtu ameuegemea kwa ndani. Moyo ulimruka kwa furaha, Mungu amsamehe, kwa maana ndivyo marehemu mumewe alivyozoea kumtania: anaegemea mlango, anauliza "Nani huyo?" na huku ameshamwona dirishani. Akasukuma tena. Mlango ukaachia, na kilichomlaki kilikuwa ni maji. Zulia lililolowa na kujikunja nyuma ya mlango ndilo lililokuwa limeubana.

Alipoondoka mtaa ulikuwa kwenye mgao wa maji, mabomba yanakoroma hewa tu. Maji yaliporudi yalirudi kwa hasira, na mpira wa chini ya sinki, uliokuwa umezeeka miaka yote hiyo bila kulalamika, ukapasuka. Halafu kizingiti kirefu alichokijenga marehemu ili mvua isiingie ndani, ndicho hicho kilichozuia maji yasitoke nje. Dunia ndivyo ilivyo. Ngao nayo huweza kumfungia mtu ndani.

"Na jambo jingine, mama," mwanawe aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini, anayeongea huku akitazama kama bosi anapita. "Bima wakilipa, tutatengeneza sakafu na kuta, utaendelea kukaa hapo. Wasipolipa mimi sina uwezo huo. Tutaipangisha nyumba kama ilivyo, uje kwangu. Chumba kile cha nyuma kipo."

"Kile cha friji mbovu?"

"Friji tutaiondoa."

"Nimeishi hapa tangu hujazaliwa."

"Najua, mama. Lakini tuseme ukweli, huwezi nyumba peke yako. Ungekuwa na mtu hapo, haya yangetokea?"

Simu ilipokatika, Mama Pindo aliendelea kuishika sikioni. Maneno yote ya mwanawe yalimtoka, likabaki moja tu kama mfupa kooni: huwezi.

*

Alivumilia mpaka kesho yake asubuhi. Alisali, akaketi juu ya meza ya kushonea, miguu ikining'inia, akaitazama nyumba. Mgao ulikuwa umekata maji tena, na fundi bomba alikuwa ameshafunga mpira mpya na kwenda zake. Maji yalikuwa yamepungua, yameacha tope jembamba la rangi ya chai, na nyuzi za kila rangi zimejishika ukutani kama minyoo. Alhamisi mgeni angeingia hapa. Mtu wa ofisini, mwenye kalamu. Angesimama wapi? Angeketi kwenye nini? Angetazama tope hili, aandike katika moyo wake: mwanamke huyu hajui kutunza nyumba.

Basi mwanawe alikuwa amesema usiguse, lakini mwanawe hakusema mgeni akija aone nini. Mama Pindo alishuka mezani, akatafuta ndoo.

Alifua, alisugua, alikamua. Godoro lilikuwa zito kama maiti. Alimwita mwenye mkokoteni, akalitoa pamoja na zulia, kapeti la chumbani na viti viwili vilivyoachana miguu. "Hili godoro ukilianika litapona, mama," mwenye mkokoteni alimwambia. "Basi likapone kwako," akamjibu. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari mweusi kuzunguka nyumba nzima. Alikumbuka mkebe wa rangi uliobaki, akapiga magoti na brashi, akaupaka mstari huo chumba kwa chumba mpaka ukapotea. Magoti yalimuuma kuliko siku ya kufunga na kukesha. Lakini kadiri nyumba ilivyong'aa ndivyo lile neno kooni lilivyozidi kulainika. Huwezi? Njoo uone.

Akiwa hapo chini na brashi yake, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuja kuchukua mapazia aliyoagiza. Mama Pindo alikuwa ameyafua na kuyapiga pasi, ila rangi nyekundu ya kitambaa cha mtu mwingine ilikuwa imeingia, nayo yamerudi juu kama suruali ya mtoto aliyekua.

"Haya ndiyo yangu?" yule mama aliuliza, akiyanyanyua kwa vidole viwili.

"Ndiyo hayo. Nilifurikiwa, dada yangu. Nilikuwa nauguza."

"Pole sana."

"Asante."

"Pole, lakini mimi wageni wangu wanataka giza, hawataki habari ya maji. Kitambaa changu nakipataje?"

"Nitakushonea mengine."

"Kwa kitambaa cha nani?"

Yule mama aliyakunja mapazia, akayaweka mezani taratibu, jinsi mtu anavyomrudishia mwenzake kitu asichokitaka tena. Mlangoni aligeuka. "Kumbe vitambaa vya watu unaviweka chini?" Kweli alikuwa akiviweka chini, kwenye mifuko, kwa kuwa kabati la vitambaa lilijaa tangu zamani. Marehemu alikuwa ameahidi kumpigilia rafu ukutani. Alipima ukuta, akaweka alama kwa penseli, akaumwa.

Alifuta kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Chumbani, upande ambao mumewe alilala, palikuwa na kabati la plaiwudi. Fagio lilifika kwenye miguu ya kabati lile, likasimama, likarudi. Tangu mazishi hakulifungua. Siku mbili hizi lilikuwa likitoa harufu, naye aliifunika kwa kipande cha sabuni ya kunukia alichokibandika kwenye kitasa, akasema moyoni kwamba ni harufu ya rangi.

*

Alhamisi mkaguzi wa bima alifika akiwa na mabuti ya mpira mguuni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye mkoba begani na uso wa mtu aliyezoea kupokewa kwa vilio. Alipiga hodi, akaruka kizingiti kama anayeruka mtaro, akatua kwenye sakafu inayong'aa. Mabuti yalilia *kwichi*. Akatazama chini. Akatazama juu. Akatoka nje kusoma namba ya nyumba.

"Ni hapa hapa," Mama Pindo alisema. "Karibu. Wala usivue viatu."

"Mama, nilitumwa nyumba iliyofurika."

"Ilifurika. Nimeshaisafisha."

Mkaguzi alizungusha macho sebule nzima. Mama Pindo aliona amefurahi, akamvutia kiti. Chai ilikuwa tayari, na mayai, na mkate umekatwa. Kikombe cha pili kilikuwa hakijateremka kwenye rafu kwa muda mrefu, na asubuhi hiyo alikuwa amekiosha ingawa kilikuwa safi.

"Godoro lililoharibika liko wapi?"

"Limekwenda na mkokoteni."

"Zulia?"

"Nalo."

"Picha ulipiga?"

"Picha ya uchafu?" Mama Pindo alicheka. "Mimi hata harusi yangu nina picha moja."

"Huo mpira uliopasuka?"

Hapo aliinuka kwa fahari, akauleta umefungwa kwenye kitambaa. Mkaguzi aliugeuza mara mbili. Ulikuwa umepasuka ubavuni kama samaki aliyetumbuliwa, na unameremeta.

"Umeuosha?"

"Ulikuwa na kutu."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Alisugua macho yake, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Mama Pindo kuliko ukali. "Mama yangu, nisikilize. Mimi siandiki ninachoambiwa, naandika ninachokiona. Mpira umepasuka, nauona, nakubali. Lakini maji yalifika wapi? Yaliharibu nini? Ninachokiona hapa ni nyumba safi kuliko ya kwangu."

"Kwa hiyo ningekupokea kwenye tope?"

"Ndiyo, mama."

"Mgeni?"

"Mimi si mgeni. Mimi ni bima."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amemngoja mtu huyu kama anavyongojwa mtu, amejua ataketi kiti gani na atapenda sukari kiasi gani. Sasa aliiona kazi yake yote ya siku hizi mbili ikigeuka na kumtazama. Kila alipopiga brashi alikuwa akifuta ushahidi wake mwenyewe. Alikiona chumba cha nyuma kwa mwanawe, runinga ya sebuleni ikipiga kelele ukutani, sahani yake ikiletwa imefunikwa. Angekuwa mgeni wa kudumu, yule anayeulizwa kila siku kama amelala vizuri.

"Basi malizia chai," alisema. "Imeshamiminwa."

*

Kwa heshima ya chai, au kwa kuwa kazi ni kazi, mkaguzi alipita vyumba vyote kabla ya kuaga. Chumbani alisimama. Akavuta pumzi kwa pua, mara moja, kisha tena.

"Hapa kuna nini?"

"Hapo hapana kitu."

Aliinama kando ya kabati, akapitisha kiganja kwenye ubao wa chini. Ulikuwa umevimba na kujiachia tabaka tabaka kama kitabu kilicholowa. "Hili hukulisafisha?"

"Hilo halifunguliwi."

"Limekwama?"

"Nimesema halifunguliwi."

Mkaguzi alisimama wima. Wote wawili walisikia sauti ya jirani akifagia uwani, ng'ambo ya ukuta. "Sitakulazimisha, mama," alisema. "Hii ni nyumba yako. Ila nikitoka hivi, nimetoka na mpira mmoja uliooshwa."

Nyumba yako. Aliyatamka bila kufikiri, kama mtu anavyosema siku njema. Mama Pindo aliketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro, mbao zikamuumiza. Alimwomba Mungu ampe njia nyingine, akangoja kidogo, njia nyingine haikuja. Akaenda kwenye cherehani, akafungua droo ya bobini, akachukua ufunguo.

Ufunguo ulizunguka ila mlango ulikataa. Ilibidi wavute pamoja, yeye na mtu wa bima, mguu mmoja kwenye fremu kama wanaong'oa jino, mpaka plaiwudi ikachanika. Harufu iliwapiga usoni. Koti la ibada la marehemu lilikuwa limeota ukungu wa kijani kuanzia pindo hadi magotini, na juu ya magoti lilikuwa zima kabisa, kama mtu aliyesimama mtoni. Suruali zilikuwa hivyo hivyo. Viatu vyake vyeusi, ambavyo alivipiga rangi kila Jumamosi, vilikuwa bado na maji ndani, vimejaa, vimetulia. Na kwenye ubao wa nyuma, mstari ule mweusi ulipita umenyooka, mstari alioufuta nyumba nzima.

Mkaguzi alipiga picha. Alipiga nyingi. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akapima usawa wa mstari ule, akakwangua rangi mpya ya ukutani kando ya kabati. Weusi ukatokea chini yake. Akakwangua sebuleni, akakwangua jikoni. Mama Pindo alisikia kwaru kwaru hiyo kama inakwangua mgongo wake, na akashukuru.

Kisha akarudi na kalamu. "Hizi nguo za nani, mama?"

"Za mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Pole sana." Aligeuza ukurasa. "Inabidi nikuulize. Koti lilikuwa jipya au limetumika?"

"Limetumika."

"Sana?"

Mama Pindo alilitazama koti. Ukosi wake aliwahi kuugeuza mara mbili ulipoanza kuchanika, kwa sindano ya mkono, mshono usioonekana. "Andika lilikuwa zima," alisema.

Akaandika hivyo.

*

Alipokuwa akivua mabuti kwenye ngazi, mkaguzi alianza kuongea kama mtu wa kawaida, kama daktari aliyemaliza zamu na kufika getini. "Mpira wa sinki usiungoje upasuke, ubadilishe kabla. Vitambaa vya watu viinue kutoka chini. Kwanza hivyo, hata tukilipa, bima ya nyumba haivihusu. Na ukisafiri funga koki kuu ya maji. Iko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

Mama Pindo hakujua. Miaka yote hiyo alikuwa akiijua koki ile kwa sauti tu. Kila wakienda safari, mumewe alizunguka nyuma ya nyumba, yeye akasubiri getini na mizigo, na sauti ikaja: "Imefungwa!" Naye anajibu, "Haya twende, tutaachwa!" Alimwona ni mzee mwenye wasiwasi. Alipofariki, watu waligawana majukumu yake. Mmoja alichukua deni la mazishi, mwingine karatasi za pensheni. Koki hakuna aliyeikumbuka, maana hakuna aliyejua kwamba ilikuwa kazi.

Waliitafuta kwenye majani, wakaikuta pembeni mwa ukuta, chini ya sufuria iliyofudikizwa kuikinga na jua. Mama Pindo aliinyanyua, akapiga ukelele.

"Nini, nyoka?"

"Sufuria yangu!"

Ilikuwa ile yake ya mkono mmoja, iliyopotea zamani. Ilipopotea alikuwa amesimama uwani na kusema, kwa sauti ya kuvuka ukuta, kwamba kuna watu huazima bila kuomba. Jirani alisikia, kama ilivyokusudiwa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Na mumewe alikuwepo siku hiyo, ameketi, anakunywa uji, kimya kama kaburi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikabadilika bila kumuaga, na mtu wa bima, aliyezoea vilio, alitazama upande mwingine na kujifanya anafunga mkoba.

*

Walilipa. Walilipa sakafu na kuta, kabati na nguo zilizokuwamo. Godoro, zulia na viti hawakulipa, kwa kuwa havikuonekana. Mwanawe alikuja mwisho wa juma na mafundi, akagomba kwanza, ilivyo haki yake.

"Nilikuambia usiguse, mama."

"Uliniambia siwezi nyumba."

Mwanawe aliitazama sakafu, akatazama rangi iliyokwanguliwa, akamtazama mama yake magotini. "Friji bado sijaiondoa," alisema hatimaye, na huo ndio ulikuwa msamaha wake. Kabla hajaondoka alipigilia zile rafu, kwenye alama za penseli za baba yake. Kisha akaondoka, na nyumba ikarudi kimya chake. Mapazia ya nyumba ya wageni Mama Pindo aliyashona upya kwa kitambaa chake.

Sufuria ndiyo iliyobaki. Alizunguka nayo siku kadhaa, mwisho akaipeleka. Jirani alifungua geti nusu, kichwa cha mbwa wake kikiwa chini ya mkono.

"Nimeiona," Mama Pindo alisema. "Aliitumia mume wangu kufunikia koki. Nisamehe."

Jirani aliitazama sufuria. "Imetoboka."

"Imetoboka."

"Niliyaona maji yakimwagika juu ya kizingiti chako," jirani alisema, bila kuinua macho. "Nikasema moyoni, si yangu. Halafu hata kama yangekuwa yangu, ningempigia nani? Namba yako sina." Akatoa simu. "Nitajie."

Mama Pindo mwenyewe hakuijua. Hakuna aliyewahi kumwomba. Ilibidi arudi nyumbani akalete simu yenyewe, wakaitafuta humo wakiwa wamesimama getini. Jirani hakusema karibu ndani. Sufuria aliichukua.

Dada yake alipotoka hospitali, Mama Pindo alikwenda tena kumtazama. Alifunga madirisha, akainua vitambaa kwenye rafu, akaweka mfuko wake getini, akazunguka nyuma. Koki ilikuwa ngumu, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikakataa. Alikuwa tayari ameinuka aondoke, neno likamtoka lenyewe:

"Imefungwa!"

Akasimama, mkono bado kwenye chuma. Ndipo alipojua kwamba mzee hakuwa akitoa taarifa. Alikuwa akisikiliza kama kuna wa kumjibu.

Ng'ambo ya ukuta fagio lilinyamaza.

"Umefunga nini?"

"Koki!"

"Haya," jirani alisema, na fagio likaendelea.